Mpira Uliozidi Shibiri Moja

Jumapili, 6 Julai

Siku kubwa! Leo baada ya chakula cha mchana baba mkwe ametangaza kwamba magoti yake yamechoka kukanyaga klachi, na kwamba Bibie atakwenda kwa mmoja wa wakwe zake. Nusura nimeze mfupa.

Bibie ni gari lake. Ana umri mkubwa kuliko mke wangu. Rangi ya maziwa yaliyodondokewa na chai, taa za mviringo, usukani mwembamba kama bangili. Siku ya harusi yetu alitubeba mimi na mke wangu, na Mzee hakuniruhusu hata kufunga mlango mwenyewe, eti nitabamiza. Tangu siku hiyo nimempaka Bibie nta, nimempangusa matairi, nimemsukuma alipogoma. Kuushika usukani ule? Thubutu! Nataka siku moja nipite mtaani kwetu, mke wangu pembeni, mikono yangu miwili juu ya usukani ule, na watu wasimame kunitazama. Hayo tu. Nikifa baadaye, sawa.

Kasoro ya Bibie ni moja. Anavuja. Mipira inayoshika kioo cha mbele na kioo cha nyuma imekauka na kupasukapasuka kama mkate wa juzi. Mvua ikinyesha, dereva hulowa magoti na aliyekaa nyuma hulowa mgongo. Mama mkwe hupanda na mwavuli. Huufungulia ndani.

Mzee ameagiza mipira mipya miwili nayo imefika. Kwa hiyo ni mashindano! Mimi nimepewa kioo cha mbele, Injinia amepewa cha nyuma. Jumapili ijayo Mzee ataweka gazeti kiti cha mbele na jingine kiti cha nyuma, kisha atammwagia Bibie maji kwa bomba la bustani. Gazeti litakalobaki kavu, mwenye kioo chake atachukua ufunguo. Yakibaki makavu yote mawili, Mzee atafikiria.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee akifikiria, humfikiria Injinia.

Injinia ni mume wa dada mkubwa wa mke wangu. Si injinia hata kidogo, anauza matangi ya maji. Lakini penseli haimtoki sikioni, hata msibani. Huniita mdogo wangu ilhali mimi ndiye mkubwa kwake kwa umri, kwa sababu tu alioa nyumba hii kabla yangu. Nacheka naye. Moyoni natafuna misumari.

Jambo moja la ajabu. Mzee amemfunga Bibie milango yote na ufunguo ameubana kwa pini ndani ya mfuko wa shati. Tukauliza tutaingiaje. Akajibu kwamba mweka kioo huingilia tundu la kioo, si mlangoni, na ufunguo hautembei kabla ya mshindi. Vishikio vya ndani vilishakatika zamani, abiria husubiri Mzee awafungulie kutoka nje kama mawaziri. Yeye mwenyewe hutoka kwa kuvuta waya fulani uliofichwa mahali fulani. Ni siri yake.

Jumatatu, 7 Julai

Nina akili! Kuna wakati najiogopa.

Nilijitolea kuhifadhi kifurushi cha mipira. Nikakifungua peke yangu ghalani kwa Mzee. Kila mpira ni duara zima, umekunjwa na kufungwa uzi wenye kikaratasi: Mbele, Nyuma. Nikaipapasa. Ule wa nyuma mnene! Laini! Mrefu! Una mfereji mzuri pembeni wa kukalisha kioo. Ule wa mbele ukiutazama unaona kabisa kwamba ni mdogo wake.

Nikajiuliza, mpira bora uende nyuma kwa ajili gani? Nani hutazama nyuma? Nikafungua nyuzi, nikabadilisha vikaratasi. Kazi ya kufumba na kufumbua. Kisha nikampelekea Injinia mpira wake kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akanishukuru. Akaupima.

Nimelala mchana usingizi mtamu ajabu.

Jumanne, 8 Julai

Kioo cha mbele kimetoka! Nilikata mpira wa zamani kwa kisu pande zote, ukang'oka vipandevipande, kioo kikalegea. Mke wangu akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukakilaza juu ya godoro. Godoro ni letu, la kitandani. Mke wangu akauliza sisi tutalala juu ya nini. Nikamwambia mwenye gari halali hovyo.

Chini ya mpira wa zamani nimekuta kutu, mbegu ya tikiti na pini ya nywele ya mama mkwe. Aliililia pini hiyo siku nyingi na kumshuku jirani. Nimempelekea. Amenibariki mara mbili! Alama zangu zinapanda.

Injinia bado anapima. Amechora picha ya kioo cha nyuma, ambacho kwa Bibie ni kikubwa na kimepinda hadi ubavuni. Mishale kila mahali. Nikamsifu mchoro.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi: nimeuvalisha mpira kwenye kioo changu. Umening'inia! Umelegea kama kaptula ya kuazima. Umezidi shibiri moja nzima.

Nikaghadhibika na kiwanda. Watu hawajui kazi siku hizi. Lakini mimi si mtu wa kulia. Nikachukua wembe, nikakata kile kipande kilichozidi, nikaunganisha ncha mbili kwa gundi kali. Safi kabisa! Kiungo hakionekani, labda ukisogea sana. Bahati mbaya gundi ilishika pia kidole gumba na cha shahada. Nimevifunga bendeji na kutangaza kwamba nimeumia kazini.

Mchana: habari tamu! Injinia amepiga simu. Mpira wake haufiki. Umepungua, anasema, kama shibiri moja. Nilimpa pole nyingi, nikamshauri auloweke kwenye maji ya moto na amuombe Mungu. Nilipokata simu nilicheka hadi nikakaa chini.

Mke wangu alikuwa anashona vifungo. Akauliza kinachochekesha. Nikamwambia. Hakucheka. Akasema, bila hata kuinua kichwa, kwamba ikiwa wangu umezidi shibiri na wa shemeji yake umepungua shibiri, basi ni ajabu kweli, na je, vile vikaratasi nilivisoma vizuri?

Nikaenda kukitazama tena kile kipande nilichokata.

Jioni: nimekubali. Wangu ulikuwa wa nyuma kwelikweli. Wake ndio wa mbele. Na wangu nimeukata.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeokoka! Mimi ni paka, nadondoka kwa miguu.

Nilikwenda kwa Injinia na mpira wangu begani. Nikamwambia kaka, sikulala kwa kukufikiria. Nikasema mimi ni mdogo wako (nilimeza mate kulitamka hilo), siwezi kukuona unahangaika na mpira usiofika. Chukua huu wangu, mnene, laini, unavutika. Nipe huo wako mbovu, nitajua nitakavyofanya.

Machozi yalimlengalenga. Kweli! Shemeji, mkewe, alitoka jikoni kushuhudia. Kisha Injinia akatoa futi ili aupime. Nikamshika mkono, nikamwambia ndugu hawapimiani. Akairudisha futi mfukoni, akanikumbatia. Mpira nao ukawa katikati yetu, kiungo upande wangu.

Nimerudi na mpira halali wa mbele. Nimeujaribu kwenye kioo: umekaa kama ngozi. Nimeimba.

Kipande nilichokata sikukitupa. Ni mpira mzuri mno, na una mfereji ule mzuri. Nimekitoboa tundu, nimetia kipete, nimechonga kwa msumari neno DEREVA. Ufunguo wa Bibie utaning'inia hapo. Nimekiweka mfukoni na kila mara nakigusa.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya kamba, na ya aibu kidogo.

Kazi yenyewe ni hivi. Mpira ukishavaa kioo, unazungusha kamba nyembamba ndani ya mdomo wa mpira, kote. Unakibandika kioo kwenye tundu lake. Mmoja anasukuma kutoka nje, mwingine yuko ndani anavuta ncha za kamba polepole, na kamba inapotoka inaunyanyua mdomo wa mpira na kuukalisha juu ya ukingo wa bati. Mke wangu ndiye aliyenieleza, eti ni sawa na kupitisha uzi kiunoni mwa bukta. Nikamwambia nilikuwa najua.

Nikaingia ndani ya Bibie kupitia tundu la mbele, kichwa kwanza. Mke wangu akasukuma kioo. Nikatafuta ncha za kamba. Hazipo. Nikamuuliza. Akaniambia kwa upole kwamba zipo nje, mbele ya pua yake, nilikoziacha mimi.

Tukarudia. Safari hii ncha zilikuwa ndani. Lakini mpira uligoma kuteleza, ukakunjamana. Nilitaka kupaka mafuta ya kupikia. Mke wangu akasema mafuta hula mpira, tumia sabuni ya maji. Sabuni ilikuwa imeisha. Nikapendekeza uji. Akaenda zake.

Injinia naye kesho ana tangi la kupeleka. Amesema ataweka kioo chake Jumapili asubuhi. Nami nitaweka Jumapili asubuhi! Tutaonana uso kwa uso.

Jumapili, 13 Julai

Wacha nianze mwanzo. Nimelowa, lakini wacha nianze mwanzo.

Asubuhi Mzee alikwenda kumjulia hali rafiki yake, ufunguo kifuani. Bibie yuko bandani, wazi mbele, wazi nyuma, milango imefungwa. Mimi nikaingia kwa tundu la mbele, Injinia kwa tundu la nyuma. Tukasalimiana ndani kama majirani. Mke wangu nje kwa mbele na kioo changu, sabuni ya maji tele. Dada yake nje kwa nyuma na kioo cha mumewe.

Hakuna aliyetamka neno mashindano. Lakini nilimwona Injinia akikunja mikono ya shati, nami nikakunja yangu. Tukaanza kuvuta!

Lo! Mambo yalivyokwenda! Kamba inatoka, mdomo wa mpira unapanda juu ya bati, mke wangu anapigapiga kioo kwa kiganja, povu linanidondokea usoni. Nyuma nikamsikia Injinia anaguna. Mpira wake ulikuwa umekaza kama ngoma, lakini yule mtu ana nguvu za kubeba matangi. Kona ya kulia. Kona ya kushoto. Chini. Tup! Changu kimeingia! Nikapiga kelele. Tup! Chake pia! Naye akapiga kelele. Tukajisahau, tukapeana mikono juu ya viti.

Kisha tukageuka kutafuta pa kutokea.

Mbele kioo. Nyuma kioo. Milango imefungwa. Vishikio hakuna. Vioo vya milango vilishaganda kwa kutu enzi na enzi.

Injinia akasema tusitaharuki, kuna waya. Tukautafuta huo waya. Chini ya usukani, chini ya kapeti, ndani ya kijaluba cha majivu. Nilipata peremende iliyoota manyoya. Nje, dada wawili walikuwa wameegemeana, wanacheka hadi wanafuta machozi kwa ncha za khanga. Nikaomba wavunje kioo. Mke wangu akauliza kipi, changu au cha shemeji? Tukajibu wote wawili kwa pamoja, kila mtu cha mwenzake.

Ndipo Mzee akarudi. Akatuzunguka taratibu. Akachungulia. Akauliza kama tuko salama, tukasema tuko salama, baba. Akauliza kama vioo vimekaa. Tukasema vimekaa. Akaenda bustanini, akarudi na bomba. Akasema kwa kuwa tumeshakaa kila mtu kiti chake, magazeti ya nini.

Akafungulia maji mbele kwanza. Maji yaligonga kioo changu, yakatapakaa, yakateremka. Nikapapasa dashibodi. Kavu! Nikapapasa magoti. Kavu kama unga! Nikafikiri moyo utanitoka. Nilimpungia mkono mke wangu, naye akanipungia. Nakiri nilifurahi pia kwa jinsi alivyonipungia.

Akazunguka nyuma. Kwa muda hakuna kitu. Injinia akaanza kutabasamu. Kisha nikasikia pa! kama uzi wa shanga umekatika, na mpira wa nyuma ukaachana pale juu katikati, ukarudi pembeni kwa hasira, na maji yote ya bustani yakamwingia Injinia kwenye ukosi. Akasimama, akagonga paa. Yakanifikia na mimi, lakini mimi ni mbele, yangu hayahesabiwi!

Nimeshinda! Nilishangilia peke yangu ndani ya maji yale.

Mzee akafunga bomba, akatoa pini ya mfuko, akafungua milango kwa ufunguo. Akasema hakuna la kufikiria, mbele pakavu, nyuma bwawa. Akanigeukia. Akanyoosha ufunguo. Ufunguo wa Bibie! Mdogo, wa shaba, umelainika kwa vidole vyake. Nikasema baba, nilijiandaa. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa kishikio changu cha ufunguo, DEREVA, ili autie palepale, kila mtu aone.

Kila mtu aliona.

Injinia akakiomba kidogo. Akakigeuza. Akaugusa mfereji. Halafu, taratibu kama apimavyo kila kitu, akakipachika kwenye pengo la mpira wake wa nyuma. Kikaenea. Mfereji kwa mfereji, rangi kwa rangi. Neno DEREVA likabaki limesimama juu katikati ya kioo cha nyuma.

Mama mkwe akauliza kwa nini nimefunga bendeji. Nilivificha vidole nyuma, lakini mke wangu akanishika mkono, akafungua bendeji pole pole mbele ya baba yake. Vipande vyeusi vya mpira vilikuwa bado vimeganda pale kwenye gundi. Sikumwona amekasirika. Nafuu angekasirika.

Mzee hakugomba. Alimuuliza mke wangu nani alisukuma kile kioo cha mbele, na nani alisema sabuni, na nani alisema kamba. Mke wangu akasema ni yeye. Akamuuliza kama bado anakumbuka ule waya. Mke wangu akaingia, akafunga mlango, akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva, akavuta, mlango ukafunguka tik! Baba yake alimwonyesha akiwa na meno ya maziwa. Siku zote alikuwa anajua! Tulipokuwa tunahangaika mle ndani, alikuwa anajua!

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba nami sikusema.

Ufunguo umekwenda kwake. Mzee akasema alikosea kuwatazama wakwe ilhali ana watoto. Mke wangu hakutia ufunguo kwenye kishikio changu. Ameutia kwenye uzi.

Injinia hajanitukana. Aliniita tu kwa jina langu, si mdogo wangu, akanirudishia kipande. Nilitamani aniite mdogo wake.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepita mtaani ndani ya Bibie! Mke wangu anaendesha kama maji yanavyotiririka. Watu walisimama kutazama, walimpungia yeye. Mimi nilikaa nyuma kwa amri, chini ya karatasi ya nailoni iliyozibia pengo, maana mpira mpya wa nyuma bado uko njiani. Ilinyesha. Nilichukua mwavuli wa mama mkwe. Nilimwomba mke wangu msamaha, kwa dhati kabisa, na nikamwapia kwamba ujanja kwangu sasa basi. Alinitazama kwenye kioo kidogo cha kati cha kutazamia nyuma. Akasema tutaona mpira ukifika.

Kishikio nimekining'iniza kwenye msumari juu ya kitanda. Yapo matumaini.

Jumamosi, 26 Julai

Mpira mpya wa nyuma umefika! Mnene! Laini! Mzee amesema Injinia na mimi tuuweke pamoja, kwa usawa, na atakayefanya vizuri huenda mke wangu akamruhusu kumrudisha Bibie bandani kinyumenyume. Kinyumenyume ni kuendesha! Mikono miwili juu ya usukani!

Injinia atakuja na futi yake mchana. Amenipigia simu mwenyewe, na mwishoni akaniita mdogo wangu. Nimefurahi hadi nikaona haya. Lakini nimeona nisimsubiri, nianze kumwandalia, nimsaidie, maana yule mtu akianza kupima tutalala hapo. Nimeufungua uzi. Nimeutandaza mpira sakafuni. Nimeutazama kwa jicho tu, na jicho langu sasa lina uzoefu.

Umezidi. Kama shibiri moja hivi. Kiwanda kile hakijifunzi!

Mke wangu ameuficha wembe, sijui kwa nini. Lakini kisu cha jikoni nakiona kipo.